Mazoezi bila majeraha: maswali tunayoulizwa kila Jumapili

Kundi letu hukimbia Kampala kila Jumapili asubuhi. Tunaongea Kiswahili kwa sababu tumetoka huku na kule: Mombasa, Bukavu, Mbale, Arua, na wengine walikipata jeshini. Maswali haya ndiyo yanayojirudia tukiwa tumeketi na chai baada ya kukimbia. Mimi ninayejibu nimefundisha michezo shuleni kwa miaka, na nina kisigino ambacho nimekisimulia kwenye swali la 15. Si daktari. Panapohitaji daktari nimesema wazi.

## Kuanza

1. Nina miaka 46, kitambi, na presha kidogo. Naruhusiwa kuanza?

Unaruhusiwa, mzee. Kutembea kwa haraka anza hata leo jioni. Kabla ya kukimbia au kunyanyua vyuma, pima kwanza presha na sukari. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, mazoezi mazito yasubiri hadi ishushwe kwa matibabu.

Mwone daktari kwanza kama kifua hubana unapopanda mlima, kama uliwahi kuzimia, kama moyo huenda mbio bila sababu, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana. Kifua kikibana katikati ya mazoezi, hapo hapo simama. Usijiambie ni gesi.

2. Nianze na kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani unaweza. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, ila kano na mifupa huhitaji miezi. Hapo ndipo watu wanaponaswa: wiki ya nne mtu anajisikia simba, anaongeza maradufu, wiki ya sita anakuja Jumapili akichechemea kutuangalia tu. Majeraha mengi ninayoyaona hayana ajali yoyote ndani yake. Mtu aliongeza haraka.

Anza hivi: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8 hadi 10. Siku 3 kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Uweze kuongea sentensi nzima huku unakimbia. Ukianza kumeza maneno, punguza. Kila wiki ongeza kidogo. Ile asilimia 10 inayotajwa sana ni desturi ya makocha tu, lakini haina ubaya. Usiongeze umbali na milima katika wiki moja. Kampala utapewa milima hata usipoiomba.

Haraka haimwogopi hata bingwa. Machi 2017, pale Kololo hapa Kampala, Joshua Cheptegei wa Uganda aliwaacha wenzake katika mbio za nyika za dunia, umati wa nyumbani ukipiga kelele. Mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea, akamaliza wa 30. Mwaka 2020 alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000, safari hiyo kwa mwendo uliopangwa tangu mwanzo.

3. Kupasha misuli moto ni lazima? Na kunyoosha viungo?

Kupasha, ndiyo: dakika 10 za kutembea haraka, kukimbia polepole, kuinua magoti, kurusha miguu mbele na nyuma, kuchuchumaa mara kadhaa. Kule kusimama umeshika kisigino nyuma ya makalio kwa dakika nzima hakuonekani kuzuia majeraha. Kuache hadi mwisho, kama unakupenda.

Wachezaji wa mpira wana bahati, maana FIFA ilitengeneza programu iitwayo 11+: dakika 20 hivi, bila kifaa chochote zaidi ya mpira na kiwanja. Timu zinazoifanya angalau mara mbili kwa wiki hupata majeraha pungufu kwa takribani theluthi moja. Timu za mtaani huiona kama kupoteza muda, halafu dakika ya 5 mtu ameshika nyuma ya paja.

4. Viatu vipya ni ghali. Vya mivumba (mitumba) vinafaa?

Vinafaa, ukijua kuchagua. Pale soko la Owino usitazame rangi. Kiweke kiatu juu ya meza, uinamie macho yako yalingane na kisigino chake: kikiegemea ndani au nje, mwenye nacho wa kwanza alishakipinda kwa mwendo wake, kiache. Bonyeza soli ya katikati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo kama uso wa babu, imekufa. Kishike mbele na nyuma ukikunje: kipinde kwenye vidole, si katikati. Vuta soli uone kama gundi imeachia. Nenda alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Aliyekulia peku anaweza kukimbia peku kwenye nyasi. Barabarani kuna misumari na chupa, kwa hiyo hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

## Barabarani

5. Nikimbie saa ngapi, na upande gani?

Kampala jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi karibu mwaka mzima. Kabla ya hapo ni giza, na dereva hakuoni mpaka umekuwa mbele ya bampa. Ukilazimika kutoka gizani, vaa nyeupe au koti lenye mistari inayong'aa. Magari ya Uganda hupita kushoto, basi wewe kimbia kulia uyaone yanakuja. Bodaboda hazina kushoto wala kulia; hizo zisikilize, na ndiyo maana ukisikiliza muziki sikio moja libaki wazi.

Makundi makubwa ya Jumapili, yetu likiwemo, yana kosa lao: kujaza barabara nzima tukiimba. Nyimbo ni tamu, ila dereva wa lori aliyekesha njiani kutoka mpakani Malaba hana habari nazo. Wawili wawili, mwenye firimbi mbele, mwingine nyuma.

6. Moshi na vumbi je? Si bora nikae nyumbani?

Hewa ya Kampala ina tatizo la kweli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa chembe ndogo za moshi na vumbi ni wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na Kampala huuzidi mara kadhaa. Lakini kwa mtu mzima mwenye afya, kukaa tu kwenye kiti kuna madhara yake. Chagua njia. Kimbia mbali na barabara kuu, na upende vilele: alfajiri yenye baridi moshi hulala mabondeni. AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, una programu ya simu inayoonyesha ubora wa hewa mtaa kwa mtaa. Itazame kabla ya kufunga kamba.

Kitambaa puani huzuia vumbi la marram (barabara ya udongo), hakizuii chembe zile ndogo. Mwenye pumu atembee na dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiiache kwenye gari.

7. Mbwa akinifukuza?

Simama. Ukikimbia unamwalika. Mgeukie bila kumkazia macho, rudi nyuma taratibu, jifanye unaokota jiwe. Mbwa wa huku wanaielewa ishara hiyo.

Akikung'ata au kukuparura, hata kidogo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama mbwa atakufa. Dalili za ugonjwa huo zikianza kwa binadamu, tiba haipo.

8. Mvua ikinyesha tuendelee?

Mvua, ndiyo, kwa hatua fupi, maana marram iliyolowa huteleza kama sabuni. Radi, hapana. Kati ya mmweko na ngurumo zikipita sekunde 30 au pungufu, ondokeni kiwanjani, na msirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Msikimbilie chini ya mti wala kibanda cha nyasi. Agosti 2020 huko Arua, watoto waliokatisha mchezo wa mpira walijikinga kibandani, radi ikawaulia humo. Jengo kubwa la kudumu au ndani ya gari lililofungwa ndiko salama.

9. Mimi ni mwanamke na hukimbia peke yangu. Ushauri?

Dada, wa kubadilika ni wanaosumbua, si wewe. Hadi hapo: badilisha njia na saa, mwachie mtu ujumbe wa unakopita na saa ya kurudi, usiweke mtandaoni ramani ya mbio inayoanzia mlangoni kwako. Sidiria ya mazoezi inayobana vizuri ni kifaa cha lazima kama kiatu. Anayevaa hijabu achague kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na asome swali la 11.

## Joto, maji na kufunga

10. Ninywe maji kiasi gani?

Kiu ikuongoze. Ukitaka hesabu, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi ya saa moja: kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho. Ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, umekunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari, kwani chumvi ya damu hushuka, kichwa kikauma, mtu akatapika na kuchanganyikiwa, na wenzake wakazidi kumpa maji.

Mazoezi chini ya saa moja yanahitaji maji tu. Zaidi ya hapo, au ukiwa umeharisha karibuni, tumia ORS ya dukani, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Ukikosa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa.

11. Nitajuaje mtu amezidiwa na joto?

Mwulize yuko wapi na leo ni siku gani. Akiwa amechoka, ana kichefuchefu, lakini anajibu sawasawa: kivuli, miguu juu, maji. Akijibu ovyo, akiyumba kama mlevi, akigombana au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto, na kinaua. Hata kama bado anatoka jasho. Mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mengi mwili mzima, mpepeeni, barafu kwapani na kwenye nyonga ikipatikana. Mpoozeni kwanza, ndipo mumsafirishe. Msimnyweshe chochote akiwa hajitambui.

Anayetoka Kabale yenye baridi kwenda kwenye joto la Gulu au Moroto ajipe siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi mwili uzoee.

12. Ramadhani nifanyeje?

Mazoezi mepesi kabla ya futari, dakika 30 hadi 40 za mwisho, ili ukimaliza unafungua. Mazito yaende baada ya Tarawehe au saa moja na nusu hivi baada ya kufuturu. Usijaribu kuvunja rekodi yako mwezi huo. Kudumisha ulichonacho kunatosha. Ukihisi kizunguzungu cha kuanguka, fungua. Mwenye kisukari anayechoma sindano apange na daktari kabla mwezi haujaandama.

## Maumivu

13. Nitatofautishaje uchovu wa kawaida na jeraha?

Uchovu wa misuli huja pande zote mbili, umetapakaa, hufika kilele siku ya pili na kuisha ndani ya siku 3 hadi 5. Jeraha lina upande mmoja na mara nyingi lina anwani: unaweza kuligusa kwa kidole kimoja. Maumivu yakikubadilisha mwendo, acha. Yakizidi kadiri unavyokimbia, acha. Yakikuamsha usiku, mwone daktari.

Mfano ni muundi, yaani mbele ya mguu chini ya goti. Ukiuma kwa urefu, mara nyingi ni mzigo uliozidi. Punguza kwa wiki mbili tatu. Ukiuma sehemu moja ndogo ambayo hata kurukaruka kwa mguu mmoja kunakutoa machozi, huenda mfupa umepata ufa. Ukiwa na ufa, usikimbie.

14. Nimeteguka kifundo cha mguu. Nikandwe na maji ya moto?

Siku 2 au 3 za kwanza, usikandwe. Najua bibi alikukanda ukapona. Ungepona hata asingekukanda, tena kwa uvimbe mdogo. Joto na kusugua huongeza damu mahali ambapo mishipa imechanika. Funga bandeji isiyokata damu, inua mguu juu ya mto, weka kitambaa cha maji baridi au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 au 20, rudia mara kadhaa kwa siku. Baada ya siku mbili anza kuchezesha kifundo na kukanyaga kwa kadiri unavyovumilia. Kulala wiki nzima hukifanya kikakamae. Ukiweza, jizoeze kusimama kwa mguu huo mmoja huku unapiga mswaki. Kifundo kilichoteguka mara moja hupenda kurudia.

Picha ya eksirei inahitajika kama huwezi kutembea hatua 4, mara tu baada ya kuumia na ukiwa hospitalini, au kama ukibonyeza mfupa wenyewe, nyuma ya yale matufe mawili ya kifundo au ubavuni katikati ya wayo upande wa kidole kidogo, unaruka kwa maumivu. Mwunga mifupa asivute kitu kabla ya picha.

15. Nichome sindano ya kutuliza maumivu nicheze mechi?

Hapa naongea kwa uchungu. Nilikuwa najiandaa kwa nusu marathoni. Asubuhi, kutoka kitandani hadi chooni, nilikuwa nikitembea kama bata, kano ya kisigino imekaza. Baada ya hatua 20 inalegea na ninajidanganya imepona. Siku tatu kabla ya mbio niliingia kliniki moja ya mtaani, nikachomwa diklofenaki bila kuulizwa naumwa nini. Nikakimbia vizuri mno. Kilomita ya 17 nikasikia kama mtu amenirushia jiwe nyuma ya mguu, nikageuka kumtafuta. Hakukuwa na mtu. Kano ilikuwa imechanika nusu, na nilikaa miezi 8 bila kukimbia.

Dawa ilizima kengele tu, moto ukabaki. Tena diklofenaki na ibuprofeni, ukizichanganya na jasho jingi na maji machache, huumiza figo. Paracetamol ya kulalia usiku, sawa. Ya kukuwezesha kucheza ukiwa umeumia, hapana.

16. Nimegongwa kichwa kwenye mpira lakini najisikia sawa.

Toka, na leo usirudi, hata kocha akikasirika. Kutapika, kichwa kuzidi kuuma, usingizi usio wa kawaida, mboni za macho kutolingana: hospitali mara moja.

## Jimu

17. Jimu yetu ina vyuma vya kujitengenezea. Kuna hatari?

Ipo, lakini nimewaona vijana wamejenga miili mizuri kwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na bomba la maji. Kasoro ya kwanza ni kwamba makopo mawili hayalingani kamwe. Yapime kwenye mizani ya mwenye duka la mahindi na uandike uzito ubavuni. Ya pili, saruji hupata nyufa: zungusha kopo, sikiliza kama linacheza kwenye bomba. Ya tatu ndiyo mbaya. Ukilala chali kusukuma na chuma kikakushinda, vyuma vya kiwandani visivyofungwa unaviinamisha vikadondoka, makopo yamegandia. Kwa hiyo usisukume ukiwa chali bila mtu kichwani pako. Ukiwa peke yako, piga push-up.

18. Mashine ya kukimbilia na umeme wa kukatika?

Funga ile kamba nyekundu ya usalama kwenye nguo, na umeme ukikatika shika vyuma vya pembeni. Umeme ukirudi, usiwe umesimama juu ya mashine.

19. Baada ya mazoezi mazito mkojo umekuwa kama chai ya rangi.

Nenda hospitali leo. Misuli iliyovunjikavunjika humwaga vitu vinavyoziba figo. Huwapata sana wapya waliopewa squat mia kama adhabu, na makuruta. Ukiwa na homa pia, inaweza kuwa malaria kali. Safari ni ileile.

## Hali za pekee

20. Nilikuwa na malaria. Nirudi lini?

Ukiwa na homa, usifanye mazoezi kabisa. "Kutoa jasho" hakutibu chochote. Pima, maliza dozi yote, kisha anza kwa kutembea, ukiongeza kidogo kidogo kama kwenye swali la 2. Damu huwa imepungua, kwa hiyo kuhema mapema si uvivu. Mpira wa kugongana usubiri, hasa kama tumbo linauma upande wa kushoto juu: malaria huvimbisha bandama, na bandama iliyovimba ikipigwa inaweza kupasuka.

21. Nina vinasaba vya sikoseli (selimundu) lakini si mgonjwa.

Uganda hili si geni: uchunguzi wa 2014 na 2015 uliwakuta watoto wapatao 13 kati ya 100 wakiwa wabebaji. Mbebaji anaweza kucheza kila mchezo. Hatari inakuja kwa mbio za nguvu mfululizo bila kupumzika, kwenye joto au mwinuko. Mweleze kocha, ongeza kasi taratibu, na ukihisi misuli ya mapaja inaishiwa nguvu, keti. Kocha asikushurutishe.

22. Mama mjamzito?

Mimba isiyo na matatizo haizuii kutembea, kuogelea wala vyuma vyepesi. Acha michezo ya kugongana na kuanguka. Damu, maji kuchuruzika, kizunguzungu au maumivu ya tumbo: simama, nenda kituoni.

23. Kuogelea ziwani?

Victoria lina kichocho, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ambako konokono huishi. Kinaingia kupitia ngozi, kwa dakika chache tu. Uliyekwisha kuogelea, pima wiki 6 hadi 8 baadaye. Tiba ni vidonge vya prazikwanteli kulingana na uzito. Kwenye mashua, vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha hana lake.

24. Nataka kwenda Kapchorwa kujifua kama kina Cheptegei, kisha nipande Rwenzori.

Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, Kapchorwa karibu 1,900. Wiki ya kwanza kimbia nusu ya ulichozoea. Milima ni habari nyingine: Wagagai kwenye Elgon ni mita 4,321, Margherita kwenye Rwenzori ni 5,109. Ukishapita mita 3,000, kila usiku usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko jana. Kichwa kuuma na kichefuchefu: usiendelee kupanda. Kuyumba, kuchanganyikiwa au kukohoa huku unahema ukiwa umekaa: shukeni, hata kama ni usiku.

25. Mwenzetu ameanguka ghafla, hapumui kawaida.

Mmoja apige 999 au 112, mwingine atafute gari. Wewe piga magoti, weka mikono katikati ya kifua, sukuma chini sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, uache kifua kipande kila mara. Mtu anayekoroma au kutweta kwa mbali baada ya kuanguka hapumui, endelea. Badilishaneni kila dakika 2.

26. Gari hakuna. Tumweke kwenye boda?

Kifundo au mkono, sawa, mmoja akae nyuma amshike. Aliyeanguka kwa shingo au mgongo, au anayesema miguu imekufa ganzi, asikalishwe kwenye boda hata kama hospitali ni mita mia mbili. Mshikeni kichwa kisigeuke, mfunikeni, simamisheni pikapu. Mlango uliong'olewa au ubao wa kuchapia tangazo unatosha kuwa machela, watu wanne wakiuinua kwa pamoja kwa hesabu ya mmoja wao.